Hendeli ya Kuwashia Jua

Mliniacha nimesimama mlangoni mwa chumba cha pampu, hendeli begani, watu zaidi ya mia wakinitazama, na mwenyekiti wetu mzee Kiprugut akiniuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kuninyang'anya shamba.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nitarudia kwa kifupi.

Mimi ni Kemboi. Kwa miaka tisa niliendesha enjini ya dizeli iliyovuta maji kwenye kisima cha shirika letu la wakulima huko Ndabibi. Sikuwa mwanachama. Nilipewa ekari mbili za kulima na nyumba ya mabati kwa sababu moja tu, kwamba hakuna mwingine aliyeweza kuzungusha hendeli ya enjini ile bila kuvunjwa mkono. Mimi mwenyewe ilininyofoa vidole viwili. Halafu enjini ikafa, na mwaka huo wa sabini na tisa wakaja wafadhili na vioo ishirini na vinne vya kunasa jua. Wakavipanga juu ya vyuma, wakateremsha pampu mpya kisimani, wakapiga picha, wakaenda zao.

Aliyevifunga alikuwa Lalit, fundi wa Kihindi kutoka Nakuru. Ndiye aliyenivuta kando akanipa habari ambayo ningependa nisiisikie. Pampu hii haiwashwi na mtu. Jua likipanda inaanza, jua likishuka inasimama.

"Wewe panguza vumbi kwa vioo," aliniambia. "Basi. Kazi imeisha."

Ndipo mzee Kiprugut akaniuliza mbele ya watu wote, "Kemboi, na hii pia iko na hendeli?"

Nikamjibu, "Iko, mzee."

Neno moja tu. Ningesema haina, jioni ile ningekuwa namwambia mke wangu Chepngeno afunge vyombo. Nilisema iko, na watu wakapiga makofi.

Kesho yake asubuhi niliingia chumba cha pampu na hendeli yangu ya zamani, nikafunga mlango kwa ndani. Humo ndani hamkuwa na kitu cha kuzungusha. Kulikuwa na bomba linalotoka ardhini, waya mbili na buibui mmoja. Nikasimama nikamtazama buibui. Jua lilipopanda vizuri kutoka upande wa mlima Longonot nikasikia bomba linaanza kutetemeka. Haraka haraka nikaligonga kwa hendeli mara tatu, ko, ko, ko, ili walio nje wasikie kwamba kazi inafanywa. Nikatoka nikipangusa jasho ambalo halikuwepo.

"Imeshika?" mzee Kiprugut akauliza.

"Imeshika, mzee. Hii mpya inataka mkono mwepesi."

Maji yakaanza kumwagika tangini. Wazee wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine. Nitawaambia ukweli, maana nimeahidi kuusema wote humu: nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku niliyooa.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Kila siku ya Mungu niligonga bomba mara tatu, na akina mama wakisikia ko ko ko walijua saa mbili imefika, wanaweka chai. Jioni Chepngeno alinikanda mabega kwa mafuta, kwa sababu nilimwambia hendeli mpya inaumiza. Nilimwacha anikande. Kuna mama mmoja wa Gilgil aliyeandika barua hapa gazetini akiuliza kwa nini sikumwambia mke wangu ukweli tangu mwanzo. Mama, ningemwambia lini? Wakati ananikanda?

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na peke yake nadhani haungeniua. Ulioniua ni wa pili.

Siku moja ya mwezi wa nne kulikucha na mawingu mazito. Pampu haikuamka kabisa, lakini tangi lilikuwa limejaa kutoka jana yake, kwa hiyo mifereji ilitoa maji kama kawaida. Omolo, karani wa shirika, mtu wa kalamu mbili mfukoni, alipita pale akanikuta nimekaa na wazee.

"Kemboi," akasema, "leo hakuna jua. Hii maji inatoka wapi?"

Ningenyamaza. Ningesema ni ya jana. Badala yake nikanyoosha miguu nikamwambia, "Karani, mawingu ni shida ya mtu hajui kazi. Mimi niko na hendeli."

Wazee wakacheka sana. Omolo hakucheka. Alitoa kile kitabu chake cha mikutano, akaandika kitu, akaenda zake. Yeye aliandika kila kitu, hata idadi ya kuku waliopita, kwa hiyo sikujali.

Wanaoijua Ndabibi wanaijua Julai yake. Mawingu hushuka yakakaa, baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa, na wala mvua hainyeshi. Siku ya kwanza hakuna aliyeona tofauti. Siku ya tatu mifereji ilianza kukohoa. Siku ya tano ilitoa upepo. Niliingia chumbani asubuhi nikagonga ko, ko, ko. Bomba lilikuwa baridi na kimya. Nikagonga mara sita. Nikagonga mpaka kidole kimoja kati ya vile nilivyobakiwa navyo kikatoka damu, na huko nje nikisikia mtu anasema, "Leo anafanya kazi kweli."

Nilitoka nikawaambia ni mawingu. Wakanitazama tu.

Siku ya kumi Nasimiyu alikuja kwangu. Huyu ni jirani yetu, mama wa mapacha wachanga, mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Alikuwa ametoka ziwani, mtungi bado uko mgongoni. Kwenda ziwani na kurudi kulikuwa kazi ya nusu siku, kwa sababu njia fupi ilipita kwenye mashamba makubwa na mashamba makubwa yalikuwa na mageti.

"Kemboi, mimi nimekukosea nini?" akauliza.

"Hujanikosea kitu, mama."

"Basi tufungulie maji."

"Ni mawingu, mama. Pampu inakula jua."

"Mawingu ni shida ya nani? Si ulisema?" Akatua mtungi chini polepole. "Maziwa imekatika kwa ng'ombe. Na kwangu mimi pia imeanza kukatika. Nikuletee watoto uwaone?"

Alinyanyua mtungi wake akaenda, na mimi nikabaki nimeshika fremu ya mlango.

Nilipogeuka, Chepngeno alikuwa nyuma yangu na binti yetu Jepkoech mgongoni. Nilidhani atanitetea, hata kwa kunipigia kelele tu.

"Baba Jepkoech," akasema kwa sauti ya chini, "kama kuna mtu wa komiti amekuudhi, msamehe. Usiadhibu watu wote."

Hata yeye. Hata yule aliyenikanda mabega.

Asubuhi iliyofuata nilidandia lori la maziwa, na saa sita nilikuwa Nakuru, kwenye karakana ya mzee Mohanlal, baba yake Lalit. Mohanlal ndiye aliyekuwa akituuzia spea za enjini ya zamani, na vioo vya mwanawe hakuvipenda hata siku moja. Lalit alikuwa amekwenda nyumbani kwake, mtaa wa Section 58, kula chakula cha mchana. Nikaambiwa ningoje. Mzee akanipa chai na maneno.

"Mimi nilisema Lalit, nilisema wazungu. Enjini iko na spea. Mkanda ikiisha mimi nauza mkanda. Pistoni ikiisha mimi nauza pistoni. Jua hapana na spea. Sasa jua imeharibika, wewe Kemboi utanunua wapi?"

Nilicheka kwa heshima.

Lalit alifika, akanisalimu vizuri, akachukua begi lake la vifaa kabla hata sijaketi tena.

"Pampu iko na shida gani?"

"Haitoi maji."

"Huko kwenu kuko na jua?"

"Hakuna. Karibu wiki mbili."

Aliweka begi chini. Alicheka mpaka akashika meza. "Kemboi, umetoka Ndabibi mpaka Nakuru kuniambia hakuna jua?"

"Nimekuja unipe kitu ya kuonyesha watu, Bwana Lalit. Wanasema ni mimi nimefunga maji."

"Wewe? Utafunga na nini?"

Sikumwambia habari ya hendeli. Nilishindwa. Mtu akishakucheka mara moja hutaki kumpa sababu ya pili.

Lalit alikuwa mtu mwema. Hakuniuliza tena, alivuta karatasi yenye jina la karakana juu, akaandika kwa Kiingereza, akatia sahihi, akagonga muhuri. Halafu akanisomea kwa Kiswahili, kidole kikifuata mistari. Kwa mwenyekiti. Pampu yenu haina hitilafu. Haina hendeli wala swichi, haiwashwi wala kuzimwa na mtu yeyote, inafanya kazi yenyewe jua likitoka. Ngojeni mawingu yaondoke. Hakuna haja ya kuweka mtu wa kuiendesha.

"Hiyo ya mwisho," nikasema, "unaweza kuitoa?"

"Kwa nini? Hiyo ni habari nzuri kwenu."

"Itoe tu, bwana."

"Kemboi, nimeshapiga muhuri."

Nikaikunja nikaitia mfuko wa koti. Njia nzima ya kurudi niliisikia kifuani. Karatasi ile ingenitoa kwenye lawama ya kuwanyima watu maji, na papo hapo ingewaambia watu hao kwamba mwenye ekari mbili na nyumba ya mabati hana kazi, na hajawahi kuwa na kazi tangu vioo vilipokuja.

Nilikuta mkutano unanisubiri. Ulikuwa mchana wa siku ya pili yake, kwenye banda la maziwa, na hata wazee ambao hutembea kwa kushikwa mkono walikuwa wamekuja. Mzee Kiprugut hakuniita jina. Alimwambia Omolo asome.

Omolo akafungua kitabu chake. "Tarehe kumi na nane mwezi wa nne," akasoma. "Bwana Kemboi amesema mbele ya mashahidi watano kwamba mawingu ni shida ya mtu asiyejua kazi, na kwamba yeye ana hendeli."

Akafunga kitabu.

"Ulisema?" mzee Kiprugut akaniuliza.

"Nilisema, mzee. Lakini ilikuwa mchezo."

"Mchezo." Alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio uliokuwa unaniumiza. "Kemboi, sisi ni watu. Tunaongea. Kama ni mgomo, sema ni mgomo. Unataka ekari ya tatu? Unataka ng'ombe? Sema, komiti itakaa."

"Sitaki kitu, mzee. Ni mawingu."

Kelele ikaanza nyuma. Nasimiyu alikuwa amesimama na mtoto kila upande, hapigi kelele, ananitazama tu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye koti ukaigusa barua. Nikajiambia, ukiitoa, shamba linakwenda leo. Ukinyamaza, labda linakwenda, labda haliendi. Kati ya leo na labda nilichagua labda. Mkono ukatoka mtupu.

"Basi lete hendeli," mzee akasema.

Niliileta. Miaka tisa nilikuwa nimeishika mpaka chuma chake kikang'aa pale vidole vinapokaa, vile vilivyobaki. Mzee aliipokea, akamkabidhi Omolo.

"Karani amesoma, atajaribu. Kesho asubuhi ataingia. Maji ikikataa kwake pia, tutajua si wewe, Kemboi, na tutakuomba msamaha hapa hapa mbele ya watu. Maji ikitoka kwa mkono wa Omolo, wewe utajua mwenyewe pa kwenda."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo. Kila nyumba pale Ndabibi jioni ile iliomba jua. Nasimiyu aliomba jua. Mke wangu aliomba jua, nilimsikia, midomo yake ikitembea anapokoroga uji. Mimi niliomba mawingu. Nilimwomba Mungu asiwape maji watoto wachanga wa jirani yangu siku moja zaidi, moja tu, ili nisinyang'anywe mahindi.

Asubuhi nilifungua mlango nikaona kivuli changu kimelala ukutani. Sikuwa nimekiona kwa siku kumi na mbili.

Mbingu ilikuwa safi mpaka kwenye milima ya Mau. Nilikwenda kisimani, na watu wote walikuwa wamefika kabla yangu, na mitungi yao. Omolo alikuwa mbele, hendeli begani, kalamu zake mbili mfukoni. Akaingia chumba cha pampu. Nikasikia anafunga mlango kwa ndani.

Mtashangaa, lakini wakati ule roho yangu ilitulia. Nilijua anachokiona. Bomba, waya mbili na buibui. Nikasema moyoni, sasa atatoka aseme hakuna mahali pa kuingiza hendeli, watu watacheka, mimi nitacheka nao, na huenda mzee akanihurumia. Aibu ningeivumilia. Nilikuwa tayari kabisa kwa aibu.

Tukangoja. Akina mama wakaacha kuongea. Jua lilishaanza kuchoma shingo, na humo ndani hamkutoka sauti.

Halafu tukasikia ko, ko, ko.

Maji yakaanza kumwagika tangini. Watu wakapiga vigelegele, mitungi ikagongana, mtu akaniangusha kofia. Mlango ukafunguliwa. Omolo akatoka akipangusa jasho kwenye uso mkavu. Alinitazama mara moja tu, machoni, na mimi nikamtazama, na tulijua sote wawili tunachokijua.

"Imeshika?" mzee Kiprugut akauliza.

"Imeshika, mzee," Omolo akasema. "Inataka mkono mwepesi."

Maneno yangu mwenyewe. Hata sauti alikuwa ameichukua.

Mzee akanigeukia. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Kemboi, kumi na mbili siku. Watoto wadogo."

"Mzee, naomba..."

"Jumamosi nyumba iwe wazi. Karani ataingia."

Nilimtafuta Chepngeno. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Akamweka Jepkoech vizuri mgongoni, akaokota mtungi wetu, akaenda kupanga foleni nyuma ya Nasimiyu bila kugeuka.

Hapo nikasema potelea mbali. Shamba limekwenda, kwa hiyo barua haiwezi kuninyang'anya kitu tena. Inaweza tu kunirudishia jina langu, na huyu karani asilale kwenye nyumba yangu kwa uongo wangu. Niliingiza mkono kwenye koti nikaitoa.

"Mzee, kuna barua. Ya fundi, Lalit wa Nakuru. Ilikuwa kwangu, nilificha. Isomwe sasa, kila mtu asikie."

Vigelegele vikapungua. Mzee Kiprugut aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila karatasi yenye muhuri. Aliigeuza upande huu na ule. Aligusa muhuri kwa kidole gumba, akaona ni wa kweli.

"Ni Kiingereza hii," akasema.

Kwetu siku hizo Kiingereza cha barua kilikuwa cha mtu mmoja tu. Nilikuwa nimelisahau hilo. Nawaapia, nililisahau mpaka nilipoona mkono wa mzee unaipitisha barua yangu juu ya vichwa vya watu.

"Karani, hebu tusomee."

Omolo hakuitua hendeli. Aliiacha begani, akaifungua barua kwa mkono mmoja, akaisoma kimya kimya. Mimi nilifuata macho yake mstari kwa mstari, maana barua ile niliijua kwa moyo. Yalipofika mstari wa mwisho yakasimama. Akainua uso akatazama tangi. Akatazama nyumba ya mabati kule juu na mahindi yaliyoanza kubeba. Halafu akanitazama mimi.

"Inasema nini?" mzee akauliza.

"Inasema pampu iko sawa."

"Hiyo tunaona. Na juu ya mtu wa hendeli, fundi ameandika nini?"

Omolo aliikunja barua akaitia mfukoni kwenye kalamu zake, akahamisha hendeli kutoka bega la kulia, akaiweka bega la kushoto.